Kwa Anayeanza Kupika

Ndugu uliyetoka shamba na sasa wajipikia Nairobi, ukienda soko la Gikomba usidhani ya kuwa chakula bora ni nyama peke yake. Nunua omena wa Ziwa Victoria: huliwa na mifupa yake, nayo huimarisha mifupa ya watoto. Nunua na maharagwe. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, nayo yataiva upesi na makaa hayatapotea bure.

Sukuma wiki ioshe kwanza, ndipo uikate. Ukiosha baadaye, nguvu yake huondoka na maji. Ipike kitambo kidogo tu, pamoja na nyanya. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Anza leo, afya ya nyumba yako i katika sufuria.