Sadaka Iliyovuka Bahari Hadi Nabugoye

Karibu na mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, kiko kilima kiitwacho Nabugoye. Juu yake pana sinagogi, na katika eneo hilo zimo shule mbili zilizoanzishwa na jamii ndogo ya Mayahudi wa Kiafrika: Shule ya Msingi Hadassah na Shule ya Sekondari Semei Kakungulu. Anayeingia madarasani hakuti watoto wa Kiyahudi peke yao. Huwakuta pia watoto wa Kikristo na watoto wa Kiislamu, wote wakikalia madawati ambayo kwa sehemu kubwa yamelipiwa na Mayahudi wa Marekani wasiopata kuwaona.

Ndugu msomaji, mzazi Mwislamu anayempeleka mwanawe katika shule hiyo ana haki ya kuuliza: fedha hizi zinatoka wapi, hutolewa kwa utaratibu gani, na nani huzihesabu? Maswali hayo yanatufaa na sisi tusioishi Mbale, kwani kila jamii inayotoa na kupokea kwa jina la dini yake lazima iyajibu.

Tuanze na wapokeaji. Jamii hii huitwa Abayudaya, yaani Mayahudi kwa Kiganda. Mwasisi wake ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki, kisha akakosana nao. Baada ya kuisoma Biblia na kushikamana na Agano la Kale, mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe, akajitangaza kuwa Myahudi. Alifariki mwaka 1928. Zama za Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wengi wakaiacha, na waliobaki wakaswali kwa siri. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, kilichosalia kilikuwa ni kundi dogo la wakulima maskini.

Watoaji nao wana historia yao. Katika miji ya Marekani ya karne ya 19, kila nyumba ya mayatima, kila hospitali na kila jiko la maskini la Mayahudi lilikuwa na mchangishaji wake. Mlango mmoja uligongwa mara nyingi, huku mwenye shida kubwa asiye na msemaji akisahauliwa. Mwaka 1895 Mayahudi wa Boston waliunda shirikisho: mchango mmoja kwa mwaka, mfuko mmoja, na kamati moja ya kugawa. Miji mingine ikafuata, na leo Amerika ya Kaskazini ina mashirikisho ya namna hiyo zaidi ya 140, mbali na mifuko ya familia na mashirika madogo.

Utaratibu wao haufumbi macho. Shirika linaloomba ruzuku huandika ombi likieleza tatizo ni lipi, watakaofaidika ni nani, gharama ni kiasi gani, na mafanikio yatapimwa kwa kipimo gani. Kamati, ambayo aghalabu huwa na watu wa kujitolea wasiolipwa, hulisoma na kuhoji. Baada ya fedha kutumika, ripoti hutakiwa. Asiyeweza kuonyesha alivyotumia ruzuku ya mwaka huu huwa na kazi kubwa ya kuipata ya mwakani.

Mizizi ya jambo hili ni mikongwe kuliko Marekani. Neno lao la Kiebrania, tzedakah, ni ndugu wa neno letu sadaka. Katika Mishna, kitabu cha sheria zao kilichokusanywa takriban miaka 1,800 iliyopita, imewekwa kanuni kwamba fedha za maskini zikusanywe na watu wasiopungua wawili, na zigawiwe na watatu. Mtu mmoja hata akiwa mwaminifu hakabidhiwi peke yake, ili asitiwe majaribuni wala asidhaniwe vibaya.

Baadaye alikuja Musa ibn Maymun, mwanachuoni aliyezaliwa Cordoba na kufariki mwaka 1204 katika Misri ya Waislamu, ambako alikuwa tabibu katika baraza la watawala wa Kiayyubi. Yeye aliipanga sadaka katika daraja nane. Ya chini kabisa ni ya atoaye kwa kinyongo. Ya juu kabisa ni ya amshikaye mkono aliyeteleza kabla hajaanguka, kwa kumpa zawadi, mkopo, ubia au kazi, mpaka asihitaji tena kuomba.

Daraja hiyo ya juu haikubaki vitabuni. Mwaka 1892 wahamiaji wa Kiyahudi mjini New York walianzisha chama cha mikopo kwa mtaji wa dola 95. Mkopaji alileta wadhamini, akarudisha alichokopa, wala hakutozwa riba hata senti moja, kwa kuwa Taurati inakataza. Chama hicho kingalipo, na leo hukopesha watu wa dini zote. Msomaji wetu ataitambua mara moja sura ya qardhul hasan.

Sasa turejee Nabugoye. Katika miaka ya 1990 habari za Abayudaya zilipoenea Marekani, mashirika mawili madogo yalishika nafasi ya mbele. La kwanza ni Kulanu, jina ambalo kwa Kiebrania lina maana ya “sisi sote”; la pili ni Be’chol Lashon, yaani “kwa kila lugha”. Michango yao ilisaidia shule, chakula cha wanafunzi, visima na vyandarua. Mwaka 2010 kilifunguliwa mjini Mbale Kituo cha Afya cha Tobin, ambacho hutibu wagonjwa wa dini zote. Mbu haulizi mtu ni wa dini gani; kijiji kisipokingwa chote hakijakingwa.

Lakini lililo bora kuliko yote halikuanza na ruzuku. Mwaka 2004 mkulima mmoja wa Kiyahudi, J. J. Keki, ambaye alikuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alipita kwa majirani zake, Waislamu na Wakristo, akiwashawishi waunganishe kahawa yao. Wakaunda ushirika uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, wenye viongozi wa dini zote tatu. Mnunuzi wa California akaichukua kahawa yao kwa bei ya biashara ya haki. Hapo mkulima Mwislamu hakupokea hisani ya mtu. Aliuza jasho lake na kulipwa thamani yake.

Hatusemi kwamba mfumo huu hauna kasoro. Sehemu ya michango ya mashirikisho makubwa huenda Israel, jambo ambalo wasomaji wetu wanalijua na ambalo Mayahudi wenyewe hubishana juu yake. Tena, mwenye mfuko mnene husikika zaidi anapotaja lipi litangulie. Na shule inayoishi kwa ruzuku ya mbali huishi kwa wasiwasi, kwani moyo wa mfadhili waweza kuhamia kwingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walikwishasema.

Hata hivyo, hekima ni ya kuokotwa popote ilipo. Mayahudi wa Boston waligundua kwamba wema usio na mpango humchosha mtoaji na kumpita mhitaji. Wa Nabugoye waligundua kwamba shule inayomfungulia mlango mtoto wa jirani hujenga na ujirani pia.

Basi jioni moja familia ikae na kujiuliza: sadaka tuliyotoa mwaka huu ilipita mikononi mwa wangapi? Nani aliihesabu? Je, yuko hata mmoja ambaye, kwa sababu yake, mwaka ujao hatahitaji kuja tena mlangoni petu? Swali hili la mwisho ndilo zito, na anayeweza kulijibu kwa jina la mtu, si kwa kiasi cha fedha, huyo ameitendea haki amana yake.