Mwanao Kapangiwa Shule Machakos: Mwalimu Mkristo Anaamini Nini Kuhusu Elimu?

Kila mwaka serikali inapotangaza nafasi za shule za sekondari, simu huanza kulia kutoka Lamu hadi Vanga. Mtoto wa Kisauni kapata shule ya bweni Machakos. Wa Kwale naye kapelekwa huko huko Ukambani. Furaha ya nafasi huja na wasiwasi wake. Baada ya kuhesabu karo, godoro na sanduku, wazazi wengi wa Kiislamu hubaki na swali moja: huko ambako mkuu wa shule ni Mkristo, walimu karibu wote ni Wakristo na mfadhili wa shule ni kanisa, mwanangu atalelewa vipi?

Ni swali la haki, lakini mara nyingi hujibiwa kwa uvumi. Wapo wasemao kila mwalimu Mkristo ni mhubiri aliyeshika chaki. Wapo pia wasemao dini haina lake darasani, hisabati ni hisabati tu. Kauli zote mbili hazimsaidii mzazi. Imani ya mwalimu huingia darasani, ila si kwa namna wengi wetu tunavyodhani. Tuieleze hatua kwa hatua.

Falsafa ya elimu ni nini?

Anayesomea ualimu, awe wa diploma au wa digrii, hufundishwa falsafa ya elimu na hutakiwa kujua yake ni ipi. Neno ni zito lakini maana yake ni nyepesi. Ni majibu ya maswali manne: Mtoto ni nani? Elimu ni ya nini? Mwalimu ni nani mbele ya mtoto? Na ukweli hutoka wapi?

Hakuna mwalimu asiye na majibu hayo, hata kama hajawahi kuyaandika. Asiye na dini anayo yake. Ustadhi wa madrasa anayo yake, na mwalimu Mkristo wa Machakos anayo yake, ambayo ameyapata kanisani, chuoni na katika historia ya mahali alipokulia.

Machakos na shule za misheni

Historia hiyo ilianzia huku kwetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaanza kituo cha misheni Rabai. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliozoea kushuka Pwani, na kupitia wao Krapf alifika Ukambani mwaka 1849. Njia ya biashara ikawa njia ya Injili.

Mwaka 1895 Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alishuka Mombasa na wenzake na kupanda hadi Nzaui, ambayo leo iko Kaunti ya Makueni na zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Alifariki kwa homa Desemba 1896, hajatimiza miaka 30. Misheni yake haikufa naye. Ndiyo iliyozaa kanisa la AIC, na mwaka 1962 chuo cha theolojia chenye jina lake kikafunguliwa mjini Machakos. Chuo hicho leo ni Scott Christian University.

Wakatoliki nao walikuwa na Kabaa. Hapo, mwaka 1925, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha shule ambayo baadaye ilihamia Thika na kuwa Mang'u, ile iliyomsomesha Rais Mwai Kibaki. Wito wake uko kwa Kiswahili: Jishinde Ushinde. Na huko Athi River, ndani ya Kaunti ya Machakos, iko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Daystar, ambacho kinasema wazi kuwa imani ya Kikristo na taaluma vifundishwe pamoja.

Kwa hiyo mwalimu aliyekulia Machakos amekulia mahali ambapo kwa miaka mingi kujifunza kusoma na kujiunga na kanisa vilikwenda pamoja. Hilo linaeleza mengi.

Majibu manne ya mwalimu Mkristo

Kwanza, mtoto ni nani? Mkristo huamini kuwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mwalimu anayeliamini hili kwa dhati hawezi kusema mtoto fulani ni "takataka". Aliye wa mwisho darasani ana thamani ile ile ya aliye wa kwanza. Jan Amos Comenius, askofu wa karne ya 17 kutoka Moravia, alitumia hoja hiyo kudai kuwa watu wote wafundishwe, maskini kwa tajiri, wasichana kwa wavulana. Mwaka 1658 alichapisha kitabu cha watoto chenye picha, wakati ambapo shule nyingi zilijua kukaririsha tu. Sisi nasi twasema mwanadamu ametukuzwa na Mola wake. Njia ni mbili, lakini matokeo darasani yanakaribiana.

Pili, mtoto ana kasoro gani? Hapa ndipo tunapoachana. Makanisa mengi, yakifuata mafundisho ya Augustino wa Hippo, ambaye naye alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askofu, huamini kuwa mtoto huzaliwa na mwelekeo wa dhambi. Uislamu hufundisha kuwa mtoto huzaliwa katika fitra, yaani katika usafi. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwalimu anayeamini dhambi ya asili hatarajii wema ujitokeze wenyewe, hivyo huweka kanuni nyingi, kengele nyingi na usimamizi wa karibu. Lakini imani hiyo hiyo ina upande wa pili uitwao neema: aliyekosa aweza kusamehewa na kuanza upya. Mwalimu aliyeshika dhambi akasahau neema huwa mkali bila huruma. Aliyeshika yote mawili huadhibu, kisha humrudisha mtoto kundini.

Tusijifanye hili ni la Wakristo peke yao. Wapo walimu wanaotetea fimbo kwa maneno ya Suleiman katika Mithali, na sisi tunazijua bakora za chuoni. Sheria ya Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo. Andiko la dini yoyote haliwi kibali cha kumpiga mtoto.

Tatu, mwalimu ni nani? Mfano wake mkuu ni Yesu, ambaye kwetu ni Nabii Isa. Katika Injili alifundisha kwa mifano ya mkulima, mvuvi na mchungaji, na aliwaosha wanafunzi wake miguu. Kutokana na hilo ualimu huitwa wito, na ukubwa huwa ni kutumikia.

Mfano wa Kenya uko. Edward Carey Francis alikuwa mwalimu wa hisabati Cambridge. Aliacha kazi hiyo akaja Maseno mwaka 1928, kisha akaongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Alikuwa mkali na mtu wa nidhamu ya kijeshi, na wengi walimlaumu kwa hilo. Alipostaafu hakurudi Uingereza kupumzika. Alikwenda kufundisha Pumwani, Nairobi, mtaa wenye Waislamu wengi na watoto wengi wa maskini, hadi alipofariki mwaka 1966. Unaweza kupinga mengi aliyoyaamini, lakini huwezi kusema alifuata mshahara.

Nne, ukweli hutoka wapi? Mwalimu Mkristo husema ukweli wote ni wa Mungu, uwe wa Biblia au wa maabara. Anapofundisha biolojia, mpangilio wa chembe hai humkumbusha Muumba. Muislamu haoni ajabu hapo, maana nasi twaambiwa tuzitazame ishara za Mwenyezi Mungu katika mbingu na ardhi. Tatizo huanza pale mwalimu anapotoka kwenye "yuko Muumba" akaingia kwenye "njia ya kumfikia ni moja, nayo ni kanisa langu", tena mbele ya watoto wasioweza kutoka darasani.

Wakristo si wamoja

Kosa jingine letu ni kuwaweka wote kapu moja. Mkatoliki wa Kabaa amerithi utaratibu wa sala za jumuiya, kazi za mikono na utii. Mwinjilisti wa AIC hutilia mkazo Biblia na uamuzi wa mtu binafsi wa kuokoka, na huyu ndiye yuaelekea zaidi kumshuhudia mtoto wako imani yake, kwa kuwa kwake kunyamaza ni kama kumnyima mtu dawa. Kisha kuna African Brotherhood Church, iliyoanzishwa 1945 na Wakamba waliotaka kuendesha kanisa lao bila kusimamiwa na wamisionari. Makao yake makuu yako Mitaboni, Machakos. Kwa hiyo Wakamba wenyewe, wakiwa Wakristo, walishawahi kuuliza swali tunalouliza sisi: nani ana haki ya kuamua watoto wetu walelewe vipi?

Sheria inasema nini?

Tangu Sheria ya Elimu ya 1968, shule nyingi za misheni zilikuwa za umma, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Sheria ya 2013, kifungu cha 27, imetaja kazi ya mfadhili. Ana wawakilishi katika bodi, aweza kushauri kuhusu mambo ya kiroho na kuweka kasisi kwa gharama yake. Lakini kifungu hicho hicho kinamtaka alinde imani ya wanafunzi wa dini nyingine. Katiba ya 2010, Ibara ya 32, yasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya dini yake, wala asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake.

Hata hivyo karatasi si ukuta. Kesi ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, inatufunza. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana wa Kiislamu haki ya kuvaa hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa sababu dai halikuwa limewasilishwa kwa utaratibu ufaao. Asiyeandika dai lake vizuri huweza kulipoteza hata kama lina uzito.

Mzazi afanye nini?

Siku ya kuripoti, usitie saini kanuni za shule kabla ya kuzisoma. Uliza kwa adabu: Je, Elimu ya Dini ya Kiislamu inafundishwa? Ijumaa watoto huruhusiwa kuswali wapi? Hijabu ikoje? Ramadhani daku na futari hupangwaje? Ibada ya Jumapili ni ya lazima kwa wote? Majibu yaombe kwa maandishi. Ukikataliwa, barua yako ya kwanza iende kwa bodi, si kwa Facebook.

Na mfundishe mtoto wako dini yake kabla hajapanda basi. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana anayejua kwa nini anaswali hatatetereka kwa wimbo wa kanisa asubuhi, na ataweza kumheshimu mwalimu wake bila kumuogopa.

La mwisho linatuhusu sisi. Wazee wetu wengi waliziogopa shule za misheni, na hofu yao ilikuwa na sababu, maana nyingi zilikusudia kubatiza. Lakini kuogopa hakukujenga shule. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu, aliliona hilo mapema, na kupitia gazeti lake la Al-Islah aliwahimiza Waislamu kushika elimu zote mbili, ya dini na ya dunia.

Leo mwalimu Mkristo wa Machakos anakwenda darasani akiwa anajua anaamini nini kuhusu mtoto, elimu na kazi yake. Je, vijana wetu wa Kiislamu wanaosomea ualimu wanajua? Wangapi wako tayari kwenda kufundisha Machakos, wakae na mtoto wa Mkamba kwa uadilifu ule ule tunaoutaka kwa mtoto wetu? Tukiwa na walimu wa namna hiyo, mazungumzo na shule hizi hayatakuwa ya kulalamika tu langoni. Yatafanyika ndani ya ofisi ya walimu, kati ya watu wa kazi moja.