Chovya Chovya ya Kamari

Chovya chovya, walisema wahenga, humaliza buyu la asali. Juzi barazani, baada ya sala ya alasiri, bwana mmoja alikiri mbele yetu kwamba pesa za dawa za mamake zimekwisha katika kamari ya simu. Tukamuuliza, hukujua kama utaliwa? Akajibu: "Yakhe, nilijua. Mkono haukunisikia."

Maneno hayo si ya kuchekwa. Mtaalamu B. F. Skinner wa Marekani aliwafunza njiwa kudonoa kitufe wapate chakula. Waliozoea kupewa kila wadonoapo, chakula kilipokatwa hawakukawia kuacha. Lakini waliozoea kupata mara moja moja, wasijue ni lini, waliendelea kudonoa mara maelfu na kisitoke kitu. Basi kimfungacho mcheza kamari si kule kushinda, bali ni ile "huenda".

Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiweka kamari fungu moja na ulevi wa pombe na wa madawa. Sisi tuliokaa chuoni hatukustaajabu: Suratul Maida ilikwisha kuvitaja pamoja karne nyingi kabla.

Tumfanyeje ndugu yetu? Matusi humfanya ajifiche, na mafichoni ndiko kamari inakomngoja. Pesa na ashike mkewe, mchezo ufutwe simuni, nasi tusimwache pekee jioni. Anayezama hapigiwi kelele, hutupiwa kamba.