Frank Worrell: Nahodha aliyeviunganisha visiwa

Na Mwandishi Wetu

Huenda wewe ni miongoni mwa wapitao kando ya uwanja wa kriketi bila ya kugeuza shingo. Wengi wetu huuona mchezo huo kuwa ni wa mabwana wenye suruali nyeupe, washindao juani na kupumzika kwa chai. Hata hivyo, kisa cha Frank Worrell kinakuhusu, maana swali lililomo ndani yake ni lile lile lililowakabili watu wote waliotawaliwa: ni nani astahiliye kuongoza?

Worrell alizaliwa Agosti 1, 1924, katika kisiwa cha Barbados, koloni la Waingereza lililotegemea miwa. Pamoja na Everton Weekes na Clyde Walcott, waliozaliwa jirani naye, alikuja kuwa mmoja wa wapigaji watatu waliotetemesha dunia ya kriketi. Katika mechi 51 za kimataifa alizoichezea West Indies tangu mwaka 1948, alipata mikimbio 3,860. Mwaka 1950, huko Nottingham, aliwapiga Waingereza mikimbio 261 peke yake.

Alijua pia thamani ya jasho lake. Timu ilipokwenda India mwaka 1948, yeye hakusafiri, kwa kuwa hakukubaliana na wakuu wa mchezo juu ya malipo. Alikwenda Uingereza, akacheza kwa ujira katika mji wa Radcliffe, na baadaye akasoma katika Chuo Kikuu cha Manchester hadi kupata shahada.

Lakini unahodha ulikuwa jambo jingine. Weusi walipiga, weusi walirusha mpira, ila kiti cha kuongoza kilikuwa kama urithi wa weupe. George Headley, mpigaji hodari mweusi, alikikalia kwa mechi moja tu, mwaka 1948. Ndipo mwandishi C.L.R. James, mhariri wa gazeti la chama cha PNM huko Trinidad, alipoishika kalamu na kudai kwamba Worrell apewe timu. Mwaka 1960 madai hayo yakatimia: Worrell akawa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza West Indies kwa mfululizo mzima wa mechi.

Tazama sasa alivyokitumia cheo hicho. Gerry Alexander, nahodha aliyemtangulia, hakutupwa nje. Alibaki kuwa mdaka mpira nyuma ya wiketi, akacheza chini ya Worrell kwa moyo mweupe, na katika safari ya Australia akaongoza kwa wastani wa mikimbio katika timu yake. Wachezaji waliotoka visiwa mbalimbali, ambao zamani kila mmoja alivutia kwao, walijikuta ndugu.

Matunda yake yalionekana Brisbane. Mechi ilianza Desemba 9, 1960, mwaka mmoja kamili kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Siku ya mwisho, katika mzunguko wa mwisho wa kurusha, Australia ilihitaji mikimbio sita ishinde, nayo ilikuwa na wiketi tatu. Wes Hall wa Barbados akarusha kwa nguvu zake zote. Mikimbio mitano ikapatikana, na wiketi mbili zikaanguka. Kisha Joe Solomon wa Guyana, mwenye asili ya Kihindi, akaulenga mti kutoka pembeni, akaupiga, na wiketi ya mwisho ikaanguka. Kila upande ulikuwa na mikimbio 737. Sare ya namna hiyo ilikuwa haijapata kutokea tangu mechi za kimataifa zianze mwaka 1877.

Mfululizo huo West Indies walishindwa, mechi mbili kwa moja. Lakini walipoondoka Melbourne mwaka 1961, watu kwa maelfu walijipanga barabarani kuwashangilia walioshindwa. Mwaka 1963 Worrell aliishinda Uingereza nyumbani kwake, mechi tatu kwa moja, kisha akastaafu.

Saratani ya damu ilimwua huko Kingston, Jamaica, Machi 13, 1967, akiwa na umri wa miaka 42 tu.

Mikimbio yake imepitwa na wengi. Kuna jambo moja ambalo halijasahauliwa. Mwaka 1962, Nari Contractor, nahodha wa India, alipigwa na mpira kichwani huko Barbados, akawa baina ya uhai na kifo. Worrell, nahodha wa wapinzani wake, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujitolea damu. Contractor akapona. Nao watu wa Bengal, huko India, wameifanya Februari 3 ya kila mwaka kuwa siku ya kutoa damu, na wameiita kwa jina la Frank Worrell.