Kikohozi cha alfajiri si baridi ya Nairobi

HUENDA katika ploti unakoishi yuko mtu ambaye kila alfajiri humsikia akikohoa bafuni hadi atoe kohozi, kisha akatoka na kuwasha sigara ya kwanza. Ukimuuliza, atakuambia ni baridi tu. Si baridi, msomaji.

Ndani ya njia zako za hewa mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kazi yavyo usiku na mchana ni kusukuma juu kamasi iliyonasa vumbi, moshi wa matatu na viini vya maradhi. Moshi wa sigara huvilevya, na baada ya miaka mingi huviua, uchafu ukabaki kifuani. Wataalamu hueleza kuwa mvutaji anapolala, vinyweleo vilivyosalia huzinduka na kuanza kazi. Ndipo akohoe alfajiri. Ile sigara ya kwanza huvilaza tena, naye, maskini, hudhani imemtuliza kifua!

Chini zaidi mna vifuko vya hewa, mamia ya milioni, ambamo damu huchukua oksijeni. Vikishaharibiwa na moshi haviponi. Ndiyo sababu utamwona mzee aliyevuta miaka 40 akipumzika mara tatu kabla ya kufika ghorofa ya pili. Kuhusu kansa ya mapafu, Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano wake na sigara tangu 1950.

Na vepu je? Mwanafunzi atakuambia ni mvuke wa maji wenye ladha ya embe. Hasha! Ni matone madogo mno ya kemikali, mara nyingi yenye nikotini, na pengine chembe za metali kutoka kwa waya unaopata moto. Ni kweli haina lami, na kwa mvutaji sugu aliyeiacha sigara kabisa huenda madhara yakapungua. Lakini mtoto wa kidato cha pili hakuwa mvutaji.

Nchini Marekani, ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu ulizuka 2019. Kufikia Februari 2020 visa 2,807 vilikuwa vimeripotiwa, na watu 68 wamefariki. Wengi walikuwa wamevuta vepu zenye mafuta ya bangi, na kilichoshukiwa zaidi ni aina ya vitamini E iliyochanganywa humo. Mzazi, unajua kilichomo katika kile kidude kama kalamu mkobani mwa mwanao?

Uchunguzi wa Doll na wenzake uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba anayeacha sigara akiwa na miaka 30 huokoa karibu miaka kumi ya maisha. Akiacha na miaka 50, takriban sita.

Ukiacha, usishtuke ukikohoa zaidi majuma ya kwanza. Vinyweleo vimerudi kazini. Ila kikohozi kikipita majuma mawili, au ukitema damu, nenda zahanati upimwe kifua kikuu pia.