Kidau cha Wino cha Ofisi ya Msikiti

Tulipokuwa tukisafisha kabati la ofisi ya msikiti wetu, tulikuta kidau cha wino cha shaba, kalamu ya kuchovya yenye ncha ya chuma na mhuri wa mpini wa mbao. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Katibu, hivi viende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu." Nilinyamaza, kwani moyo wangu ulikwisha kuvitamani.

Ndugu msomaji, mimi ni mkusanyaji wa zana za kale za kuandikia. Nikiulizwa faida yake, hujibu kwamba zana hizi hufundisha utulivu. Mwenye kalamu ya kuchovya huandika maneno machache, kisha hurudi kidauni. Katika kituo hicho hulipima neno lijalo. Kalamu yenye wino tumboni, ambayo Lewis Waterman aliiboresha na kuipatia hataza Marekani mwaka 1884, ilipunguza vituo hivyo. Biro, iliyobeba jina la László Bíró aliyeipatia hataza mwaka 1938, ikaviondoa kabisa.

Kwetu Waislamu kalamu ina heshima ya pekee: Sura ya 68 ya Qur'ani imepewa jina lake. Mafundi wa Khurasani, katika karne ya 12, walivitia vidau vya shaba nakshi za fedha, wakaandika juu yake maneno ya kumtakia heri mwenye navyo.

Usiku ule nilifungua daftari kuukuu la msikiti. Humo katibu wa zamani, kwa hati nyembamba iliyonyooka, ameorodhesha mali za wakfu: mikeka, kandili na, mwisho kabisa, kidau kimoja cha shaba. Nilitahayari. Nilichokitamani kilikuwa amana.

Kesho yake niliisomea kamati ukurasa ule. Kidau hakikuuzwa, wala hakikwenda nyumbani kwa katibu, kimerudi mezani. Mzee yule yule ndiye aliyeleta chupa ya wino.

Huenda nanyi mnacho kitu kama hiki katika sanduku la babu. Kabla ya kukitupa au kukichukua, ulizeni ni cha nani. Ikiwa mwenyewe amefariki, warithi wote waulizwe. Kalamu ioshwe kwa maji baridi, si ya moto, na shaba ipanguswe kwa kitambaa kikavu. Kisha mpeni mtoto aandike barua moja kwa bibi yake, polepole.