Jumapili asubuhi, kwani tunafuata nini kanisani?

Saa mbili unusu asubuhi, stejini mtaani Zimmerman, Nairobi. Makanga anaita abiria wa tao na karibu kila mtu amevaa nguo iliyopigwa pasi. Msichana mmoja amebeba viatu vya visigino kwenye mfuko, miguuni ana malapa, maana matope ya huku hayajui Jumapili. Waliotoka kesha wanapishana na waliotoka kilabu.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, zaidi ya Wakenya wanane kati ya kila kumi ni Wakristo. Lakini kujaza fomu ya sensa ni rahisi. Kuamka ndiyo kazi. Mbona mtu aliyechapa kazi siku sita aache usingizi, akakae kwenye kiti cha plastiki saa tatu nzima, na bado atoe sadaka?

Jibu la kanisa lenyewe unalijua: kuabudu, kusikia Neno, kushiriki Meza ya Bwana. Kwa Mkatoliki, misa ya Jumapili ni wajibu, si hiari. Tena Waraka kwa Waebrania unawaonya waumini wasiache kukutana, kumaanisha hata enzi hizo kuna waliokuwa wameanza kuhepa.

Korona ilitupima. Makanisa yalifungwa Machi 2020, na yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasizidi 100, na wenye zaidi ya miaka 58 au chini ya 13 wakaambiwa wabaki nyumbani. Wengi wetu tulifuata ibada kwa simu, kitandani, kikombe cha chai mkononi. Bando likiisha, ibada imeisha. Ilikuwa raha, tusidanganyane, na kuna ambao hawajawahi kurudi.

Sasa sikia ya waliorudi. Rafiki yangu alihamia Nairobi kutoka Kitui akiwa hajui mtu. Alijiunga na kwaya kwa sababu chumba chake kilikuwa kimya mno. Mwaka jana babake alifariki. Kazini walimpa pole na ruhusa ya siku tatu. Wanakwaya walichanga pesa, wakakodi matatu, wakasafiri usiku kucha na kumzika mzee kwa nyimbo.

"Majirani wangu kwa ploti hawajui hata jina langu," aliniambia.

Anakiri kuwa kuna Jumapili anaimba sauti ya pili huku hana uhakika kama kuna anayesikiliza huko juu. Anaenda tu. Wachungaji huenda wasilipende jibu hilo. Mimi naliheshimu kuliko la yule anayeketi mstari wa mbele kila wiki na hamjui aliye nyuma yake.

Ndiyo maana suala la wanasiasa linauma. Baada ya maandamano ya Juni 2024, vijana waliuliza wazi: mbona mimbari inakodishwa? Novemba mwaka huo, Askofu Mkuu wa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mamilioni ambayo Rais William Ruto alikuwa ametolea parokia ya Soweto. Machi 2025, Rais alipotoa Sh20 milioni kwa kanisa moja la Roysambu, vijana waliandamana hapo na polisi wakawarushia vitoa machozi. Kuna waliosema hao ni wakora wasiomjua Mungu. Mimi sikubali. Asiyejali kanisa angelala zake Jumapili hiyo.

Nilimuuliza rafiki yangu angefanya nini mheshimiwa akipewa kipaza sauti kanisani kwao.

Alifikiri kidogo. "Nitatoka nje hadi amalize," akasema. "Lakini nitarudi bana. Kwaya yetu huimba baada ya matangazo."